Miguu Iliyokwisha Kuoshwa

Mtu ambaye hajawahi kupotea anajuaje kwamba yupo? Hilo ndilo swali langu. Wenzangu wana maswali ya maana zaidi. Wanauliza kama Mungu anasikia, au kama wafu wanahisi baridi. Mimi ninalo hilo moja tu, nalo linanikera kama mchanga ndani ya kiatu. Aliyepotea alitafutwa. Mtu alitoka nje akaita jina lake, jina likashuka mabondeni mpaka likamkuta, na siku alipoitika alijua bila shaka yoyote kwamba yupo. Mimi nilikulia ndani ya geti. Hakuna aliyewahi kuniita kwa sauti kubwa kuliko ile ya kuniomba nisogeze benchi.

Nyumba yetu inaitwa Nyumba ya Beseni. Iko juu, chini yake kuna Bonde, na katikati ni vumbi. Usiniulize iko nchi gani. Walikuja wapima ardhi safari moja, kamba yao ikaisha kabla ukuta haujaisha, wakaondoka bila kuaga. Hapa siku hazifuatani kwa adabu. Kuna Jumapili inayokaa mpaka maharage yakomae, na kuna Jumatatu isiyofika kabisa. Asubuhi nyingine naamka nikiwa mkubwa kuliko Mama Subilaga aliyenilea, namkuta jikoni msichana mwenye nywele za mafungu mawili akipuliza moto. Ikifika mchana amekwisha kuwa mama mzima tena, anafokea sufuria. Tumezoea. Kitu kimoja tu hakibadiliki: vijana wanapanda kutoka Bondeni na yale waliyoyafanya, na sisi tunawapokea.

Kila mmoja huja na lake, na lake huonekana. Kijana mmoja alipanda akiwa na mlango mgongoni, mlango wa duka alilolivunja; alijaribu kuutua chini akashindwa, ulikuwa umemganda. Msichana mmoja alifika akifuatwa na kilio cha kichanga, na kichanga chenyewe hakuna. Mama Subilaga huwatokea getini, huwakumbatia na mizigo yao, huwaambia habari za Bwana kwa maneno machache ya kawaida, kama mtu anayemwelekeza mgeni kilipo choo. Kisha anawapa chakula. Siku, au miaka, inapita, na asubuhi moja ule mlango unadondoka wenyewe uani na kijana anaanza kuimba. Tunakaa tunaimba naye. Mimi naimba sauti ya tatu.

Mgongo wangu umenyooka. Hakuna kinachonifuata. Usidhani sikujaribu. Wakati fulani niliiba yai bandani, nikalificha chini ya mto wangu, nikasubiri litoe sauti. Mama Subilaga alilikuta alipokuja kubadilisha shuka. Akasema, "Lusajo mwanangu, ungesema tu. Ningekukaangia mawili."

Nieleze sasa habari ya kutawadhana, maana bila hiyo hutaelewa nilichofanya.

Kabla ya Meza ya Bwana, watu wa Nyumba ya Beseni hutawadhana miguu. Tunakaa kwenye mabenchi, mmoja anapiga magoti mbele ya mwenzake, anamwaga maji, anamfuta kwa taulo, kisha wanabadilishana. Bwana mwenyewe alifanya hivyo usiku wa mwisho, akaagiza tufanye. Inatakiwa uoshane na yule mliyekosana naye. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Lakini nani aende kutawadhwa na miguu michafu? Ni aibu. Kwa hiyo ikikaribia saa yenyewe, nyumba nzima huhamia bombani nyuma ya jiko. Pale kuna sabuni ya mche na jiwe la kusugulia, na tunasugua visigino mpaka viwe vyekundu, tunachokonoa kucha, tunapaka mafuta. Ndipo tunaingia kanisani kuoshwa. Miguu imekwisha kuoshwa, maji yanapita juu yake kwa heshima na kudondokea kwenye beseni yakiwa safi kama yalivyotoka kwenye jagi. Kuhusu kumchagua uliyekosana naye, mimi kila mara namwahi mzee Asajile. Hatuna neno mimi naye. Miguu yake ni mikavu na haina harufu, tunamalizana upesi.

Na kazi yangu katika nyumba hii, niliyopewa na Mama Subilaga kwa kuniamini, ni kuwaandaa wageni. Nawaonyesha pa kulala. Nawaambia saa za maombi. Na siku ya kutawadhana ikifika, nawapeleka bombani na kuwakabidhi lile jiwe, wasije wakaaibika.

Ipyana alipanda akiwa na mlio wa cherehani.

Tuliusikia kabla hatujamwona. Cherehani ya kukanyaga, ile yenye mkanda wa ngozi, ikishona bila kupumzika. Halafu akatokea mwenyewe, kijana mrefu aliyekonda, ameuficha mkono wa kulia kwapani kama aliyeungua. Hakungoja kuulizwa. Alisimama getini akasema alitaka kuuza cherehani ya mama yake apate pesa ya gongo, mama akaing'ang'ania, na yeye akampiga kwa mkono huo. Mama akaanguka na cherehani juu yake. Tangu siku ile mama hatembei.

"Nataka kurudi kwake," alisema. "Nimerudi mara nyingi mpaka kwenye kona ya nyumba. Miguu inakataa. Nimesikia hapa mnaosha watu."

Mama Subilaga alimshika ule mkono, akautoa kwapani, akauweka shavuni mwake mwenyewe. "Tulikuwa tunakungoja," akamwambia.

Tulikuwa tunamngoja? Mimi sikuwa namngoja mtu.

Kikombe. Acha nikisemee hicho kikombe. Ni cha bati, kina ua jekundu, mdomo wake umechubuka upande mmoja. Hakuna aliyewahi kutamka kwamba ni changu, lakini muulize mtu yeyote. Mama Subilaga akamimina humo chai ya maziwa, akaweka sukari ya kutosha, akampa Ipyana. Mimi nikanywea bakuli. Chai ilikuwa nzuri. Hata uzuri wake ulinikera.

Halafu kiti cha karibu na moto. Halafu kicheko cha Mama Subilaga, kile cha mkono kifuani, ambacho mimi nimekipata labda nilipokuwa sijaota meno. Halafu kunikatiza sala yangu ili amwombee yeye. Nilikuwa nimefika katikati. Ilikuwa sala nzuri.

Tuseme ukweli. Mimi nimechota maji ya nyumba hii tangu nilipoweza kuinua ndoo. Sijapiga mtu. Sijalewa. Sijui hata gongo inanukiaje. Usiku, wengine walipokuwa Bondeni wakifanya hayo ya kuja kusimuliwa kwa machozi, mimi nilikuwa kitandani, mikono juu ya blanketi. Na kwa hayo yote nimepewa nini? Nimepewa kuzoeleka. Mimi ni kama ukuta; mtu huuegemea, hausalimii. Yule amemvunja mama yake nyonga, na akipita uani hata mbwa wanasimama. Naona wivu. Sitatafuta neno la kanisani la kulipamba. Naona wivu mpaka meno yananiuma, na sioni wivu kwa sababu amepata kikombe. Namwonea wivu kwa sababu ana kitu ambacho Mungu anaweza kumfanyia.

Siku ya kutawadhana ilifika bila kutangazwa, kama zinavyofika zote. Nikaona watu wanajikokota kuelekea bombani na taulo mabegani. Nilikuwa nimekwisha kusugua miguu yangu, jiwe lilikuwa mkononi bado limelowa. Ipyana alikuwa nyuma ya zizi akipasua kuni, kavaa kaptula, miguu peku. Magoti kwenda chini ilikuwa tope la zizini lililokauka na majivu na sijui nini tena. Mlio wa cherehani ulikuwa pale pale, ukishona.

"Kaka Lusajo," akaniita. "Mbona wote wanaelekea kule?"

"Wanajiandaa. Leo ni kutawadhana."

Aliweka shoka chini. "Na mimi nijiandaeje?"

Nilikuwa na jiwe mkononi. Nataka uelewe kwamba sikusahau. Nililifunga ndani ya kiganja, nikaupeleka mkono nyuma, nikaitazama ile miguu, nikaona benchi, nikaona watu wamekaa na visigino vyao vinavyong'aa, nikaona wanawake wakijiziba pua kwa vitenge na yeye akisimama kwa aibu na kushuka Bondeni asirudi tena. Nikaona kikombe changu kimerudi kwenye msumari wake.

"Wewe njoo ulivyo," nikamwambia.

Akaja alivyo.

Alikaa kwenye benchi la mbele. Mtu akakohoa, kisha msichana mmoja akavuta kitenge puani kama nilivyotazamia. Ipyana aliitazama miguu ya wenzake, akaitazama yake. Niliona anavyoelewa. Nilikuwa upande wa pili, nimempigia magoti mzee Asajile, na jagi langu lilikuwa limesimama hewani.

Mama Subilaga alijifunga taulo kiunoni akapiga magoti mbele yake.

"Mama," Ipyana akasema kwa sauti ndogo, "niache kwanza nikaoshe."

"Ukaoshe wapi, mwanangu? Hapa ndipo tunapoosha."

Akaushika mguu wa kwanza kwa mikono miwili. Maji yalipogusa tope, harufu ya zizi ilipanda kanisa zima. Hakuharakisha. Alipitisha vidole katikati ya vidole, akakwangua kisigino kwa kucha zake, na maji yakawa ya kahawia, yakawa meusi, mpaka sakafu ya beseni isionekane. Kisha akasema jambo ambalo halijawahi kusemwa katika nyumba ile. "Lusajo, lete maji mengine."

Beseni letu halijawahi kubadilishwa maji. Nililichukua mimi. Nililibeba kupita katikati ya watu, yale maji mazito yakicheza ukingoni, nikaenda kuyamwaga nje, nikarudi na maji mapya, na nayo yakachafuka, nikaenda tena. Nilipokuwa nayamwaga mara ya pili niliyatazama yakiingia ardhini. Mtu mzima, nimesimama uani na beseni, nayaonea wivu maji machafu. Niliporudi ndani Mama Subilaga alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa cha Ipyana, anamwambia kwamba kwa jina la Yesu Kristo amesamehewa. Ndipo tukagundua kwamba cherehani imenyamaza. Hakuna aliyejua ilinyamaza lini. Mzee Asajile, mtu wa miaka yake, akavuta miguu yake iliyopakwa mafuta akaificha chini ya benchi.

Mama Subilaga alinikuta baadaye nikianika taulo. Macho yake yalikuwa mekundu, na jioni ile alikuwa kijana, kijana kuliko mimi.

"Ameniambia ulichomwambia," akasema.

Nikaendelea kunyoosha taulo kwenye kamba.

"Kwamba aje alivyo. Lusajo, miaka yote hii naosha miguu iliyooshwa. Nilifikia mahali nikawa najiuliza kama tunacheza tu. Wewe ulijuaje?"

"Nilijua tu, mama," nikasema.

Alinikumbatia. Hebu fikiria. Kumbatio lile nililolililia rohoni tangu utotoni, nikalipata siku ile, kwa kazi ile. Nilisimama ndani ya mikono yake nikiwa mkavu kama kuni.

"Basi utamsindikiza wewe kwa mama yake," akasema. "Aliyemwandaa ndiye anayekwenda naye. Unaujua utaratibu. Wewe unatangulia kuingia, usimwache mama wa watu ashtukizwe na uso uliomuumiza. Unamsalimia, unamwambia wewe ni nani na umekuja na nani. Akikubali, unamwita. Akikataa, mnarudi wote wawili, na hakuna kumlaumu."

Tuliondoka. Njia inayotoka kwetu kwenda kwa mtu uliyemkosea haina urefu unaojulikana. Kwenye daraja la magogo nilitazama pembeni nikamkuta Ipyana ni mtoto wa miaka minne analia kutaka kubebwa, nikambeba. Upande wa pili nikamtua akiwa mwanamume mwenye mvi kidevuni. Kwenye migomba alikuwa mwanafunzi, kaptula imepasuka, anakimbia mbele yangu akiwa na habari ya kumwambia mama yake. Kila tulipopita palikuwa na kitu chake cha kumkumbusha. Mimi sikubadilika hata kidogo. Njia haikuwa na la kukumbuka juu yangu, nami nikaendelea kutembea na umri wangu ule ule.

Tulipoanza kuiona nyumba, alikuwa amerudi kuwa kijana wa kawaida. Akasimama.

"Kaka, akikataa?"

"Bwana amekwisha kukusamehe."

"Najua. Lakini yeye hakuwepo. Aliyeanguka ni yeye. Asipokubali, mimi sitajua nifanye nini na huu mkono. Nitarudi tu kule kule Bondeni."

"Mungu ni mwema," nikamwambia.

Moyoni nilikuwa naomba akatae. Niliomba kabisa, kwa adabu zote nilizofundishwa, nikaanza kwa shukrani na kumalizia kwa jina la Bwana. Nilimwomba Mungu aufanye mgumu moyo wa mama mgonjwa, nikasema amina, nikabisha hodi.

"Karibu," sauti ikaitika.

Ipyana alibaki nje, mgongo ukutani. Mlango ulikuwa mfupi. Niliinama nikaingia, na jua la mchana likabaki nyuma yangu, kwa hiyo nilidhani kutoka alipokaa mama haoni uso wangu, anaona umbo la kijana tu. Mimi nilimwona. Mama mwembamba, amekaa kwenye mkeka, mguu mmoja ameunyoosha juu ya mto. Dirishani ilikuwepo cherehani, imefunikwa kitambaa cheupe cha kudarizi.

"Umekuja," akasema.

Maneno niliyotakiwa kusema yalikuwa tayari. Mimi ni Lusajo, natoka Nyumba ya Beseni, mwanao yuko hapo nje. Ni maneno machache. Hata mtoto angeyasema.

"Shikamoo," nikasema. Nikaishia hapo.

"Marahaba. Sogea."

Nikasogea. Nikapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka. Akanyoosha mkono akauchukua mkono wangu wa kulia, akaufunua kiganja, akakaa nao mapajani.

"Mkono huu," akasema. "Nimeuchukia sana mkono huu. Nimeulisha kwa vidole vyangu, nikaufundisha kushika kijiko, nikaufundisha kuandika. Halafu ukanipiga. Nimekaa hapa naukata kila siku, asubuhi naukata, jioni naukata, na kesho yake naukuta umeota tena. Nimechoka kuukata. Yupo Bwana aliyeniachia mimi makosa yangu, na hayo unayajua baadhi. Kwa ajili yake nauachia. Nimekusamehe, mwanangu. Umenisikia? Nimekusamehe."

Nikafumba macho, nikasubiri kupatikana.

Nilikuwa nimepiga hesabu, unaona. Kwamba ikisemwa juu yangu kwa sauti, na mtu aliyeumia kweli, itaingia hata kama haikuwa yangu. Labda Mungu haangalii sana sura. Labda yule aliyepiga magoti kwanza ndiye anayepewa. Na kwa kitambo kidogo kulikuwa na utamu, siwezi kukataa. Mkono wa mama juu ya mkono wangu, sauti iliyokuwa imechoka kwa ajili yangu. Nikajiona nimo Bondeni na jina langu linashuka kunitafuta. Kisha yale maneno yakaingia ndani yangu, yakaangalia huku na huku, hayakukuta mtu yanayemjua, yakatoka. Mkono wangu haukukumbuka chochote. Haukuwahi kumpiga. Haukuwahi hata kushikwa naye. Nilikuwa nimepiga magoti katika nyumba ya watu, nakula chakula cha mtu aliyesimama nje na njaa, na nilikuwa bado sijashiba.

Nje, nyuma ya ukuta, nilimsikia Ipyana. Alikuwa amesikia yote. Analia taratibu, ameziba mdomo, na hakuingia kudai chake. Labda alidhani hivyo ndivyo utaratibu ulivyo. Labda alidhani kusikia tu kunamtosha.

Hapo wivu wangu ulinitia kinyaa.

"Mama," nikasema. "Mimi siye."

"Najua," akasema.

Nikafumbua macho. Alikuwa bado ameushika mkono wangu, na alikuwa ananitazama usoni, vizuri tu, na macho yake hayakuwa na kasoro yoyote.

"Mkono wa mwanangu nisiujue? Huu wako laini. Wewe ni wa kanisani."

"Sasa kwa nini umesema yote hayo?"

"Nilitaka kujaribu kwanza," akasema. "Nimeyasema maneno hayo kwa ukuta. Nimeyasema kwa cherehani. Sikujua kama yatatoka mbele ya mtu mwenye pumzi. Nilipokuona mlangoni nikasema afadhali, Mungu amenipa wa kujifunzia. Usikasirike, baba. Nimekutumia." Akaniachia mkono. "Na wewe ulikuwa umenyamaza, nikaona basi na wewe una haja zako. Haya. Mwite."

Nilisimama. Kutoka mkekani mpaka mlangoni ni hatua chache, nikazeeka humo njiani, nilihisi magoti yanauma. Nikashika mwimo wa mlango. Maisha yangu yote nilitaka niwe yule anayeitwa, na sasa nilikuwa nimesimama mahali pa yule anayeita. Jina lake nilikuwa nimelisikia likiombewa na kuimbiwa na kuchekewa, lakini mimi mwenyewe sikuwahi kulitamka. Nilimwita "wewe" na "huyo" na "mgeni".

"Ipyana," nikaita. Sauti haikutosha, nikaita tena kwa nguvu. "Ipyana, mama anakuita."

Alipita karibu yangu, bega likagusa bega. Mimi nikatoka, nikakaa kizingitini, maana utaratibu ndio huo.

Nikakaa tayari kuyasikia yale maneno, nilijua yanapoanzia, na nilikuwa nimejiandaa kuyavumilia. Hayakuja. Nilisikia kofi. Lilikuwa kofi kamili, la mkono uliofunguka wote.

"Ulikuwa wapi?" mama akasema. "Ulikuwa wapi wewe mtoto? Nakaa hapa siwezi hata kwenda kukutafuta. Ulikuwa wapi?"

Kisha akaanza kulia, naye Ipyana akalia, wakalia kwa fujo bila kupokezana, kitu kikaanguka, kikombe au kijiko. Nikatega sikio nisikie neno kusamehe. Halikutamkwa hata mara moja. Baada ya muda mrefu mama akapenga kamasi, akamuuliza kama amekula.

Nilikaa pale kizingitini nikauweka mkono wangu shavuni. Mimi alinipa maneno. Yalikuwa mazuri, yamepangika, yametoka bila kukwama, na nilipewa mimi kwa sababu sikuwa mtu wake. Mwanawe alipewa kofi. Wivu ulionipata pale sijawahi kuupata kwa kikombe wala kwa kumbatio. Nilililia lile kofi. Nikajiuliza ni nani katika dunia hii niliyemkosea kiasi cha kunipiga hivyo, na nikajikuta nina jibu.

Ipyana alitoka. Shavu la kushoto lilikuwa na alama za vidole, macho yamevimba, anacheka kama mgonjwa aliyeshuka homa. "Kaka, mama anasema uingie ule. Ni viazi tu."

"Ngoja," nikasema. Nikasimama. "Siku ile ya kutawadhana. Wale watu walikuwa wanaenda kuosha miguu bombani. Kila mtu huosha kwanza. Ilikuwa kazi yangu kukuambia, na jiwe nilikuwa nalo mkononi nyuma ya mgongo. Nilikuacha makusudi. Nilitaka uaibike uondoke. Na njiani huku nilikuwa naomba mama yako akukatae. Na humo ndani nilinyamaza ili anidhanie mimi ndiye wewe."

Kicheko kilimtoka usoni kidogo kidogo. Alinitazama kwa muda, na katika muda huo sikuwa mtoto wala mzee, nilikuwa na umri wangu, na nilikuwa naogopa. Akapiga hatua moja kunikaribia. Nikafumba macho, nikamwekea shavu, nikasubiri chochote atakachonipa.